Zamu ya mahubiri jioni za Juma la Mateso: namna ya kuwaandaa washarika wenyewe

Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania mchungaji mmoja hulea mitaa mingi, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya usharika mmoja, na mitaa hiyo imetenganishwa na mabonde, mito na barabara ambazo masika humshinda hata dereva wa bodaboda aliyezaliwa nazo. Juma la Mateso likifika, jioni ni zilezile kwa kila mtaa, na yeye hawezi kuwa kila mahali. Pale ambapo wazee wa kanisa hawajajipanga, watu hukutana Jumapili ya Matawi, kisha kimya mpaka Ijumaa Kuu. Hasara hiyo ni kubwa. Habari za juma lile ndizo kiini cha imani yetu, na huingia moyoni zaidi zikisikiwa jioni baada ya jioni.

Dawa yake ni washarika wenyewe kupokezana kuhubiri. Haya ninayoyaandika nayaelekeza kwa wazee wa kanisa, wainjilisti na viongozi wa jumuiya, wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) na wa Kanisa la Moravian pia, maana mambo ya msingi hayatofautiani sana. Ratiba ya zamu huandikwa kwa nusu saa. Kumwandaa mtu anayesimama mbele ya majirani zake kwa mara ya kwanza huchukua majuma, na huko ndiko ninakoomba nguvu zenu ziende.

Atakayewaambia kwamba mahubiri ni ya mchungaji peke yake, mkumbusheni tulikotoka. Wamisionari wa Moravian na wa shirika la Kilutheri la Berlin walifika Unyakyusa, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mwaka 1891. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika huku, na Waingereza wakawaondoa wamisionari wa Kijerumani mwaka 1916, walimu na wazee wenyeji ndio waliobaki na kundi. Waliendelea kukusanya watu na kusoma Neno bila mmisionari pembeni. Na Petro aliyaandika mapema zaidi, kwamba waamini wote ni ukuhani wa kifalme (1 Petro 2:9). Wale wazee wa 1916 hawakuwa na semina, wala maiki, wala simu ya kumpigia mtu aulize maana ya mstari.

Hatua ya kwanza: mwoneni mchungaji kabla Kwaresima haijaanza

Chukueni kalenda mhesabu kurudi nyuma. Pasaka ya mwaka 2027 ni tarehe 28 Machi, kwa hiyo Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari na Jumatatu ya Juma la Mateso ni tarehe 22 Machi. Mazungumzo na mchungaji yafanyike mwezi Januari, na jambo lipite kwenye baraza la wazee kabla ya mtu yeyote kuitwa. Mhubiri aliyepitishwa na baraza anasimama kwa amani, na anayenung'unika anajua pa kupeleka neno lake.

Mwulizeni mchungaji mambo matatu, mwandike majibu. Mhubiri asimame mimbarini au kwenye meza ya kusomea? Mwisho wa ibada baraka atoe nani, na kwa maneno gani? Na Alhamisi Kuu, ambayo ina Chakula cha Bwana, yeye atakuwa mtaa upi? Sakramenti haiingii kwenye zamu. Mtaa ambao mchungaji hatafika Alhamisi ufanye ibada ya Neno tu, na watu watangaziwe mapema wapi watapata meza, ili mwenye kutaka kutembea atembee.

Hatua ya pili: masomo kwanza, watu baadaye

Wengi huanza na majina, kisha kila mhubiri anajichagulia andiko. Matokeo yake jioni tatu mfululizo mnasikia Yohana 3:16, na jioni ya nne mnasikia habari za fungu la kumi. Mimi naona afadhali kamati ndogo ya watu watatu, akiwemo mwinjilisti, ipange masomo yote, na kila jioni imtazame mtu mmoja aliyekuwa karibu na Yesu siku zile. Mhubiri mgeni hupata shida sana kueleza fundisho, ila habari za mtu kila mmoja wetu anajua kuzisimulia.

Jumatatu, Maria wa Bethania na marhamu ya nardo (Yohana 12:1-8). Jumanne, Yuda na vipande 30 vya fedha (Mathayo 26:14-16). Jumatano, Petro uani kwa kuhani mkuu (Yohana 18:15-18 na 25-27). Alhamisi ni ya mchungaji. Ijumaa jioni, Simoni Mkirene (Marko 15:21). Kama mnakutana Jumamosi, Yusufu wa Arimathaya na Nikodemo (Yohana 19:38-42). Atakayesema Petro hapaswi kutangulia Alhamisi, maana alimkana Bwana usiku wa siku hiyo, ana haki yake, lakini habari yenyewe watu wanaijua tangu utoto na hakuna atakayepotea njia.

Masomo yakishapangwa, hapo ndipo mtafute nani alibebe lipi, na hapo ndipo kazi inapoanza kuwa tamu. Marhamu ya Maria ilikuwa ya dinari 300, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku (Mathayo 20:2). Mpeni somo hilo mama anayeshika kitabu cha vikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa. Atakuwa amepiga hesabu ya kibarua wa palizi kwa siku 300 kabla hamjamwambia, na akiitaja hesabu hiyo mbele ya watu, kanisa litanyamaza. Simoni Mkirene ana mstari mmoja tu, na mstari huo unasema alikuwa akitoka shamba. Mpeni mkulima, ambaye jioni ileile atakuwa ametoka shamba, akaoga, akaja. Kwa Petro, Yohana anataja moto wa makaa kwa sababu ya baridi, na Petro amesimama na watumishi akiota moto. Mtu wa Makete au wa Njombe hahitaji kuelezwa baridi ya usiku ni nini, wala namna mtu anavyosogea kwenye jiko la watu asiowajua akiomba wasimwulize ametoka wapi. Yusufu na Nikodemo wapeni wale vijana ambao mtaa ukifiwa ndio wanaoshika sururu na makoleo.

Yuda msimpe anayeanza. Somo hilo linahitaji mzee aliyetulia, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Hatua ya tatu: kuwaita watu

Macho ya kila baraza hukimbilia kwa walimu wa shule na watumishi wa ofisi. Wapo, na wanajua kusema, lakini wakishika jioni zote tano, waliobaki wataendelea kuamini kuwa kuhubiri ni kazi ya mwenye cheti. Mwalimu mmoja kwa juma anatosha. Tafuteni mama wa sokoni, dereva wa bodaboda, binti aliyepata kipaimara miaka michache iliyopita, mchuma chai, fundi.

Asiyejua kusoma pia aitwe. Mwingine atasoma andiko kwa sauti, naye atahubiri kutoka kichwani. Wako bibi zetu wanaoshika Injili nzima kwa kuisikia, na mtaa unapita mbele yao kila Jumapili bila kuwauliza neno.

Mwito usitolewe kwenye matangazo. Mzee wa kanisa aende nyumbani kwa mtu, aketi, aseme: "Mama, baraza limekuombea, tunaomba utubebee jioni ya Jumatatu." Wengi watakataa mara ya kwanza. Huku kwetu kukataa mara ya kwanza ni adabu, mrudieni baada ya siku tatu. Akikataa tena, mwacheni kwa upendo, mwombeni asome somo au aongoze sala. Kwa mama mwenye mume, au kijana aliye chini ya wazazi, salimieni nyumba nzima na mseme jambo mbele ya wote, ili siku ya zamu asizuiwe na mifugo au chakula cha jioni.

Kila jioni iwe na mhubiri wa akiba aliyesoma somo lilelile. Mtoto huugua, mvua hukata njia, na mtu mzima huingiwa na hofu saa 10 akazima simu.

Hatua ya nne: vikao vitatu na mhubiri

Hii ndiyo hatua ya kuikalia. Kila mhubiri apewe mlezi mmoja, mwinjilisti au mzee, na wawili hao wakutane mara tatu kabla ya jioni yake.

Kikao cha kwanza ni kusoma tu. Someni somo mara tatu kwa sauti, mkipokezana, kwa Biblia ya Union Version kisha kwa ile ya Habari Njema, maana pale ambapo moja ina maneno mazito nyingine hufungua. Mlezi asieleze kitu. Aulize: "Umeona nini hapa ambacho hukuwahi kukiona?" Anyamaze asubiri jibu, hata likichelewa. Mama wa vikoba atasema, "Kumbe Yuda ndiye aliyekuwa anashika mfuko." Huo ndio mlango wake, aingilie hapohapo. Mlezi akitoa jibu la chuoni saa hiyo amemnyang'anya mahubiri.

Kabla ya kuachana, mhubiri aseme kwa sentensi moja anachotaka watu waende nacho nyumbani. Moja. Kwa mfano: "Petro alimkana Bwana kwa sababu ya swali la mjakazi mmoja, na Bwana hakumtupa." Aiandike kwenye daftari. Kila atakachoongeza baadaye kipimwe kwa sentensi hiyo, kisichoisaidia kitoke, hata kiwe kizuri namna gani.

Kikao cha pili, baada ya wiki moja, kiwe ndani ya kanisa lenyewe likiwa tupu. Mhubiri asimame mahali atakaposimama, mlezi akae benchi la nyuma kabisa. Ahubiri yote bila kukatizwa, mlezi akishika muda kwa simu. Dakika 15 zinatosha, na anayeanza akimaliza kwa dakika 10 mpongezeni. Hapo yataonekana mambo mawili. Sauti: atakuwa anaongea na karatasi. Mwambieni amtazame mlezi na aseme kama anayemwita jirani ng'ambo ya kijito. Na mwanzo: atakuwa ametumia dakika nne kusalimia, kumshukuru mchungaji, mwinjilisti, wazee, kwaya na wageni, kisha kuomba radhi kwamba yeye si mhubiri. Kiongozi wa ibada ndiye atakayesalimia. Mhubiri akisimama aseme "Bwana Yesu asifiwe", watu waitike "Amina", halafu aingie moja kwa moja: "Tumesoma habari za mtu aliyekuwa anatoka shamba." Sentensi ya kwanza na ya mwisho azishike kwa moyo. Katikati anaweza kuchungulia karatasi, ila akishajua anapoanzia na anapotua, miguu haitamtetemeka sana.

Karatasi yenyewe iwe nusu ukurasa, maandishi makubwa, mistari michache. Anayeandika kila neno atasoma kila neno, na kwenye mwanga hafifu wa jioni atapotea mstari.

Kikao cha tatu ni siku moja au mbili kabla, kifupi, cha kuomba pamoja. Msirekebishe kitu tena, hata mkiona kasoro.

Lugha izungumzwe kwenye kikao cha pili. Mjini, Mwanjelwa au Kihesa, Kiswahili kinatosha kwa sababu watu wametoka kila kona. Mtaa wa kijijini wenye wazee wengi, somo lisomwe kwa Kiswahili, na mhubiri awe huru kusimulia kwa Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au Kisafwa pale anapoona macho ya bibi yamepotea.

Hatua ya tano: yasiyosemwa mimbarini

Mambo haya mlezi ayaseme wazi, bila kuzungukazunguka, kwenye kikao cha kwanza na cha pili.

La kwanza na la hatari zaidi ni mafumbo. Mtaa ni mdogo, kila mtu anajua nani ana kesi ya mpaka wa shamba na nani, nani hajarudisha mkopo wa vikoba, nani kamwacha mkewe. Mtu akipewa dakika 15 ambazo hakuna anayeruhusiwa kumjibu, kishawishi cha kumpiga jirani kijembe ni kikubwa, na Yuda ndiye kisingizio kinachotumika kwa urahisi kuliko vyote. "Wapo akina Yuda hata humu ndani," na shingo zote zinageukia benchi moja. Ibada ya namna hiyo huacha jeraha la miaka. Ndiyo maana nasema Yuda apewe mzee aliyetulia, na mlezi amwulize kila mhubiri: "Kuna mtu yeyote wa hapa unayemfikiria ukisema sentensi hii?" Akisita, sentensi iondoke.

La pili, ushuhuda wa mtu mwingine. Ya kwako yaseme, kwa kiasi. Ugonjwa wa shemeji yako au mimba ya binti wa jirani si mali yako, hata ukificha jina, maana huku jina halifichiki.

La tatu, vyama vya siasa, na lawama kwa viongozi wa kijiji juu ya mbolea au barabara. Mikutano yake ipo. La nne, kuiga wahubiri wa redio na televisheni: kupaza sauti mpaka spika inakoroma, kuahidi watu magari, kutabiri. Mkulima akisema kwa sauti yake ya kila siku, watu humsikiliza kwa sababu wanamjua, na akianza kuazima sauti ya mwingine wanamwangalia tu.

Hatua ya sita: jioni yenyewe

Mwishoni mwa Machi jua Mbeya huzama dakika chache kabla ya saa 1, na Iringa hutangulia kidogo. Ibada ya kijijini ianze saa 11 na iishe saa 12, ili mama mwenye mtoto mgongoni afike kwake kukiwa na mwanga. Mjini mnaweza kuanza saa 11 na nusu. Pasaka hufuata mwezi mpevu, hivyo jioni za juma hilo mwezi huwa mkubwa, ila masika mawingu huuficha. Msipange kurudi kwenu mkiutegemea. Wenye njia moja waondoke pamoja.

Umeme ukikatika, kuwe na taa ya sola iliyochajiwa tangu asubuhi, itundikwe nyuma ya bega la mhubiri, mwanga uangukie Biblia. Ikiwekwa mbele yake inampofusha na kivuli chake kinacheza ukutani.

Kubwa kuliko umeme ni mvua juu ya bati. Ikishuka ile mvua ya Rungwe, hakuna sauti ya binadamu inayosikika ndani, na mhubiri mgeni hujaribu kushindana nayo mpaka koo linakauka. Pataneni mapema: mvua ikizidi, mhubiri ananyamaza, anabaki amesimama palepale, kiongozi anaanzisha wimbo wa mateso ambao watu wanaujua bila kitabu, na wa nyuma wanasogea mbele. Ikipungua, anarudia sentensi yake ya mwisho na kuendelea. Tangu mwanzo pia waombeni watu wakae mabenchi ya mbele, maana watu 30 waliotawanyika kwenye kanisa la watu 200 humkatisha tamaa hata mchungaji.

Mpango wa ibada uwe mwepesi: wimbo, sala, somo, kwaya wimbo mmoja, mahubiri, maombi, sadaka, baraka. Kwaya itataka nyimbo tatu. Iombeni kwa heshima ibaki na mmoja, tatu ni za Pasaka. Matangazo yasubiri Jumapili, isipokuwa la msiba.

Na msiba ukitokea, ratiba inainama. Jioni hiyo ibada ihamie kwa wafiwa kama familia na mchungaji wameridhia, somo lilelile, na mhubiri aambiwe afupishe. Yule wa Jumamosi mwenye somo la kaburi la Yusufu anaweza kubadilishana na wa siku hiyo, ila asilazimishwe, hasa akiwa kijana.

Hatua ya saba: baada ya ibada

Mlangoni usiku ule mpeni mkono, mseme asante, basi. Hata kama alikosea jina la Kayafa, hata kama alizidisha dakika kumi. Bado anatetemeka, na neno la kusahihisha likimpata saa hiyo halitatoka kichwani.

Marekebisho yafanyike baada ya Pasaka, nyumbani kwake, na mlezi peke yake. Aanze kumwuliza yeye mwenyewe aliona wapi palimwelea na wapi palimkwama. Kisha mlezi amtajie mahali pamoja ambapo watu walisikiliza kwa makini, na jambo moja la kufanyia kazi. Fundisho likiwa limepotoka kweli, mchungaji aambiwe siku ileile, naye aamue kama litanyooshwa jioni inayofuata au faraghani. Mlezi asilinyooshe mbele za watu kwa mamlaka yake mwenyewe.

Katibu wa mtaa aandike kwenye daftari: tarehe, somo, mhubiri, wa akiba, watu walikuwa wangapi, mvua au hapana. Daftari hilo likae na vitabu vya mtaa, asiondoke nalo mtu. Majilio yakikaribia, lifunguliwe, na jioni za kwanza wapewe wale waliokuwa wa akiba Juma la Mateso na hawakuitwa, kwa kuwa somo walishalisoma, vikao walihudhuria, na bado kanisa halijawasikia.